Kwa Nini Haidrenjia ya Buluu Hugeuka Waridi Ifikapo Pwani

Wengi wetu huvutiwa na haidrenjia za buluu zinazostawi Limuru na sehemu nyingine za bara zenye baridi. Huzinunua zikiwa vyunguni, wakazihamishia kwenye udongo wa nyumbani Mombasa au Malindi, na zikija kuchanua tena huwa zimegeuka rangi ya waridi. Hapo maneno huanza: muuzaji katughilibu, maua yalitiwa rangi. Tumeona ni wajibu kumwondolea muuzaji huyo tuhuma, kwani kumdhania mtu ubaya si jambo dogo, na jawabu limo udongoni.

Udongo mwekundu wa nyanda za juu, uleule unaostawisha chai, una asidi. Katika udongo huo alumini iliyomo ardhini huyeyuka, mizizi ikaifyonza, na ikifika mauani huungana na rangi ya asili na kuifanya buluu. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa. Chokaa huishinda asidi, alumini ikabaki imefungika udongoni, na ua likawa waridi. Kwa kipimo cha pH, buluu hupatikana chini ya 5.5 hivi, waridi kuanzia 6.5, na baina yake zambarau. Haidrenjia nyeupe haitii dawa yoyote.

Atakaye buluu asipande ardhini. Achukue chungu chenye tundu, ajaze udongo mwekundu wa bara na majani yaliyooza, kisha amwagilie maji ya mvua, kwa sababu maji ya visima vyetu vingi yana chokaa na yatabatilisha kazi yote. Na ipo shabu, ileile ya bibi zetu ya kutuliza maji ya tope na kuondoa harufu ya kwapa: ndani yake mna alumini. Kijiko kimoja cha chakula kiyeyushwe katika lita 4 za maji, yamwagiwe udongo uliokwisha kuloweshwa, wala yasiguse majani. Mara moja kwa mwezi yatosha; ikizidi huunguza mizizi. Jivu, maganda ya mayai na mbolea ya mifupa ni vya mwenye kupenda waridi. Subira yahitajika, maana rangi huchukua miezi kubadilika.

Hata hivyo, shabu haifui dafu mbele ya jua la adhuhuri. Mmea huu ni wa baridi. Upewe jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, na wakati wa kaskazi huenda ukatoa majani matupu. Kwa rai yetu, mwenye nafasi ya chungu kimoja tu apande asumini.

Wenye watoto wadogo na mbuzi wazingatie pia kwamba majani na maua ya haidrenjia yana sumu yakiliwa. Chungu kiwekwe juu, na shabu ihifadhiwe kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na chumvi ya jikoni.