Bafle za motokari zinakatika-katika: muangalie fili mbele ya kununua ampli

Siku moja ya ine magaribi, sisi wa sendika tulizunguka na minibisi katika kartie za wafanyakazi kwa kutangaza neno moja tu: «Musisaini karatasi ya dekonti kama delege hajaisoma.» Juu ya minibisi tulifunga bafle mbili, ndani iko ampli na mikro. Barabara zetu munazijua. Kwa kila shimo sauti ilikatika, kisha ikarudi. Mama mmoja mwenye kuuzisha makala alisikia «…saini karatasi ya dekonti…», akaenda kumwambia bwana wake. Asubuhi wazee watatu walisaini. Ile «musi» njo iliyokatika.

Siku ya posho tukapeleka minibisi kwa fundi. Hakufungua hata vise moja. Alisikiliza kidogo, akasema: «Chef, ampli imekufa. Mulete dola 120.» Dola 120 ni makuta ya wanamemba, hayaokotwi. Mimi kwa sekondari nilisoma mambo ya umeme, nikamuuliza: ampli iliyokufa, namna gani inanyamaza kwa shimo na kusema tena kwa lami? Hakujibu. Tukarudi na minibisi yetu.

Nimeona ndugu wengi wanaonunua redio mpya juu ya ugonjwa huu huu, na redio mpya inakatika vilevile. Basi, nieleze namna ya kutafuta.

Kwanza usikilize: ni bafle moja inayonyamaza, ao ni zote pamoja?

Kama ni moja, nyuma ya redio ubadilishe fili: zile za kushoto uzitie mahali pa zile za kuume. Kama sasa ni bafle ya kuume inayokatika, redio njo mgonjwa. Kama ni ileile ya kushoto, redio haina kosa, angalia fili na bafle yenyewe. Kwa taxi mimi ninaanzia mlangoni. Shofere anafungua mlango mara mingi kwa siku, na fili inapita ndani ya mpira kati ya mlango na bodi. Shaba inavunjika ndani, plastiki ya inje inabaki nzima, macho hayaoni kitu. Fungua na funga mlango polepole redio ikiimba. Kama sauti inaenda na kurudi, umeshaipata.

Bafle yenyewe unaipima na jiwe la torshi la volti 1,5. Gusisha fili mbili kidogo tu: bafle nzima inapiga «tak» na karatasi yake inacheza. Mwenye multimetri ataona karibu omu 3 ao 4, juu bafle mingi za motokari ni za omu 4. Sukuma karatasi polepole na vidole. Kama hesabu inarukaruka, fili nyembamba ya nyuma imekatika.

Kama zote zinanyamaza pamoja, angalia taa ya redio. Taa nayo inazimika? Basi umeme haufiki. Kwa redio mingi za kununua sokoni fili ya manjano inatoka kwa batri, nyekundu inatoka kwa kontakti, nyeusi ni masi. Kama saa na stasio zinapotea kila mara, anzia kwa manjano. Masi iliyofungwa juu ya rangi ao kutu inasumbua sana, kwangura mpaka chuma ionekane. Na fizible ikiungua, musifunge karatasi ya sigara mahali pake. Fili itawaka mbele ya fizible, na nyuma ya zile motokari tunapakia watoto.

Taa ikibaki na sauti inakufa, redio ao ampli inajilinda. Inajilinda namna mbili. Moja ni joto: umeunga bafle mbili za omu 4 kwa fili moja bega kwa bega, zinakuwa omu 2, redio inachoka, inanyamaza kisha wimbo mrefu wa nguvu, ikipoa inarudi. Ingine ni fili ya bafle inayogusa chuma ya bodi. Mafundi wengine wa barabarani wanafunga makusudi ile ya upande wa kutoa kwa bodi, ati kupunguza fili. Kwa redio za zamani ilipita. Kwa za sasa hapana, inaweza kuiunguza kabisa.

Kwetu ampli iliwasha taa nyekundu kwa kila shimo. Tulifuata fili kutoka kwa ampli mpaka juu, mkono kwa mkono, na karibu na bawaba ya mlango wa nyuma tukaikuta imebanwa, plastiki imetoka, shaba inagusa chuma kila minibisi ikiruka. Tuliweka metre mbili za fili mpya, domino moja, skochi, na kipande cha shambrere ya kinga kwa tundu inamopita. Bei ya chupa mbili za Simba.

Karatasi za wale wazee watatu delege anazishughulikia sasa, na ni kazi ngumu, juu sahihi imeshaingia.

Siku ya ine ijayo minibisi itapita tena, neno ni lilelile. Kama munasikia sauti inakatika, simamisheni shofere, mumuulize tulisema nini.