Saa Mbili katika Mtandao Mmoja

Kila faili inapobadilishwa katika kompyuta hutiwa alama ya wakati. Kwa alama hiyo programu nyingi huamua lipi limetangulia na lipi limefuata. Penye kompyuta moja uamuzi ni rahisi, kwa kuwa alama zote hutoka katika saa moja. Mfumo wa NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1984, huwezesha kompyuta nyingi kutumia faili zilizomo katika seva moja. Hapo saa huwa zaidi ya moja, nazo zaweza kuhitilafiana.

Chukulia kwamba saa ya seva imechelewa kwa dakika 5. Mtunga programu ameweka maandishi yake katika seva. Saa 4:00 asubuhi anayatafsiri kuwa lugha ya mashine, na tafsiri inahifadhiwa katika kompyuta yake mwenyewe. Kisha anagundua kosa, na saa 4:03 analisahihisha. Seva huyatia maandishi hayo alama ya saa 3:58. Programu iitwayo make, iliyotungwa na Stuart Feldman mwaka 1976, hutafsiri upya maandishi yale tu yaliyo mapya kuliko tafsiri yake. Ikilinganisha 3:58 na 4:00, huyaona ni ya zamani na kuyaacha. Kosa lililokwisha kusahihishwa huendelea kutokea, na mtu aweza kupoteza siku nzima akilitafuta mahali lisipokuwapo.

Uchunguzi wake ni mfupi. Faili mpya huandikwa katika seva, na papo hapo alama yake hulinganishwa na saa ya kompyuta ya mtumiaji. Zikitofautiana kwa dakika 5, chanzo kimepatikana. Hata hivyo tofauti hiyo haionyeshi ni saa ipi iliyokosea. Yapasa zote mbili zipimwe kwa saa ya tatu iliyo sahihi.

Saa ya kompyuta huongozwa na mitetemo ya fuwele ya kwatsi, nayo hubadilika kidogo kwa joto. Upungufu wa sehemu 20 katika milioni huichelewesha sekunde 1.7 kwa siku, yaani zaidi ya dakika 10 kwa mwaka. Kwa hiyo kuirekebisha mara moja hakutoshi. Dawa ni NTP, utaratibu uliotangazwa na David L. Mills mwaka 1985, ambao kwa huo kompyuta huulizana wakati kupitia mtandao na kujisahihisha daima. Tofauti ikiwa ndogo, mwendo wa saa huongezwa au hupunguzwa kidogo kidogo. Saa ikirudishwa nyuma ghafla, jambo la pili laweza kuandikwa kuwa limetangulia la kwanza.