Piano si tuisheni ya hesabu

Mzazi wa Nairobi au Dar es Salaam anayemtafutia mtoto wake mwalimu wa piano hachelewi kuambiwa kwamba chombo hiki hunoa akili, na kwamba mtoto akikizoea atapanda hata katika hesabu. Hoja hiyo huwalegeza wazazi mifuko kuliko sifa zote za muziki. Ushahidi wake ni mwembamba, na anayeiamini humfanya mtoto akose kile hasa ambacho piano ingempa.

Chimbuko la imani hii ni utafiti ambao Frances Rauscher na wenzake waliuchapisha mwaka 1993 katika jarida la Nature. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10, kisha wakafanya vizuri zaidi katika maswali ya kuwazia maumbo, na faida hiyo ikayeyuka kama robo saa baadaye. Hawakuwa watoto, na wala hawakugusa piano; biashara ya kuwauzia wazazi Mozart haikujali. Ushahidi mzito zaidi ulitoka Kanada mwaka 2004, pale Glenn Schellenberg alipowagawa watoto 144 wa miaka sita: wengine wajifunze kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine wasifundishwe chochote. Baada ya mwaka, waliosoma muziki walipanda kwa pointi 7 hivi katika kipimo cha akili, na wenzao kwa 4 na ushei. Pengo halikufika pointi 3. Waliosoma maigizo walionyesha maendeleo katika kuishi vizuri na wenzao, jambo ambalo wauzaji wa masomo ya piano hawana haja ya kulitaja. Kisha mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti 54 za watoto karibu 7,000, wakakuta kwamba kadiri utafiti ulivyopangwa kwa uangalifu, ndivyo faida ya muziki kwa akili na masomo ilivyokaribia sifuri. Atakayesema kwamba wapiga piano wa darasani ndio wanaoongoza mitihani huenda haongopi, ila nyumba yenye uwezo wa kununua piano kwa kawaida ina vitabu, taa na mtu wa kusaidia kazi za shule.

Madhara huanza pale mzazi aliyelipia akili anapodai risiti, na risiti iliyo karibu ni cheti. Mitihani ya ABRSM, bodi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1889, inafanyika pia Afrika Mashariki katika ngazi nane. Muundo wake wa jadi una alama 150, na 90 kati ya hizo hutokana na vipande vitatu tu. Kusoma nota papo kwa papo kuna alama 21, na majaribio ya sikio 18. Bodi haikumwagiza mtu atumie mwaka mzima kwenye vipande vitatu. Hesabu ya alama ndiyo inayomshawishi mwalimu aliyebanwa na mzazi. Matokeo yake ni mtoto mwenye cheti cha ngazi ya tatu ambaye dada zake wakianza kuimba hajui aweke vidole wapi.

Waliofundisha watoto wao wenyewe walikwenda njia nyingine. Bach alipomwanzishia mwanawe Wilhelm Friedemann daftari mwaka 1720, kijana akiwa na miaka tisa, kurasa zake zilipokea mazoezi ya vidole, vipande vifupi, hata majaribio ya kijana mwenyewe ya kutunga. Bartók alitunga vipande 153 vya mkusanyiko wake wa Mikrokosmos kati ya 1926 na 1939, vya mwanzo vikiwa vyepesi kiasi kwamba mikono yote miwili hupiga sauti ileile, na juzuu mbili za kwanza akamtunukia mwanawe Péter. Huku kwetu shule ya namna hiyo ipo kanisani. Kijana anayepigia kinanda kwaya ya sauti nne hulazimika kuisikia sauti ya nne katika mkono wa kushoto, kuwafuata waimbaji wakishuka, na kurefusha wimbo maandamano ya sadaka yasipokwisha. Hakuna mtihani unaompa alama kwa hayo, lakini huo ndio upigaji.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba bila mtihani mtoto hafanyi mazoezi. Wana haki: mtoto wa miaka kumi anahitaji tarehe mbele yake. Jumapili ni tarehe, na kwaya ikivurugika atajua papo hapo, bila kusubiri matokeo kutoka London. Pingamizi zito zaidi ni kwamba anayepiga kwa sikio pekee atakwama asipojua nota. Ni kweli, na nota lazima zije mapema. Ila mtoto huanza kuongea kabla ya kusoma, wala hilo halijamzuia mtu kusoma. Mzazi anaweza kuanza na kinanda cha umeme chenye vitufe 61, mradi kiitikie nguvu ya kidole. Mwisho wa muhula amuulize mwalimu mtoto amemaliza vipande vyepesi vingapi, na ni wimbo gani anaoweza kuupiga ambao hakuna aliyemwandikia.