Kona ya Shamba na Fedha za Chama



Leo tutazame jambo lililo kama fumbo. Mama muuza mboga anashindwa kuweka shilingi mia tatu nyumbani kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Lakini mama huyo huyo hupeleka mia tatu kwenye chama kila juma, mwaka mzima, bila kukosa. Je, nguvu hizo azipata wapi?

Wako wasemao kwamba watu wetu hawajui kuweka akiba, basi wafundishwe hesabu. Mimi sikubali. Hesabu mama huyu anaijua kuliko wengi wetu. Tutazame desturi. Kwetu si rahisi mtu mwenye fedha mkononi kumwambia jamaa yake, "Sikupi." Mpwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, shemeji amelazwa, na fedha iliyofichwa chini ya godoro tayari ni ya ukoo mzima. Bali fedha iliyokwenda chamani ni zamu ya mwenzake. Hapo kusema "sina" si uongo wala uchoyo, na anayeomba huelewa, maana naye ana chama chake. Tena asipopeleka fungu lake hatashtakiwa mahakamani. Ataona haya mbele ya wenzake, na haya hiyo yatosha.

Wataalamu Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walivichunguza vyama vya namna hii huko Kibera, Nairobi. Mwaka 2002 walichapisha waliyoyaona: wanachama wengi mno ni wanawake, hasa walioolewa wenye mapato yao wenyewe, na sababu mojawapo kubwa ni kuiweka akiba mbali na mkono wa mume. (Ninyi waume, msizime redio.)

Wengine wawili, Pamela Jakiela na Owen Ozier, walifanya jaribio katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, wakalichapisha mwaka 2016. Watu walipewa fedha, wengine shilingi 80, wengine 180, wakaambiwa wachague kiasi cha kuweka katika biashara ya kubahatisha ambayo kwa wastani ilikuwa na faida. Ilipojulikana kwamba kiasi kilichowekwa kitatangazwa mbele ya watu, wanawake wengi waliopata 180 hawakuzidisha 80, ili waonekane kama waliopewa kidogo. Hasa walifanya hivyo wale ambao jamaa zao walikuwapo. Na watu walipopewa nafasi ya kulipa ili mapato yao yasitangazwe, wako waliolipa.

Fikirini maana yake. Mtu anaikimbia faida ili asionekane anayo. Angeweza kununua magunia mawili ya viazi, ananunua moja. Desturi ya kusaidiana imewavusha watoto wengi shuleni, mimi mwenyewe siithubutu kuidharau. Lakini isipokuwa na kipimo, humfundisha mwenye bidii kujificha.

Mfikirie mkulima wa Israeli katika Mambo ya Walawi, mlango wa 19. Aliamriwa asivune pembe za shamba lake, wala asirudi kuokota masazo. Hayo yalikuwa ya maskini na mgeni. Sehemu ya katikati alivuna mchana kweupe, bila kuificha. Maskini naye hakuhitaji kubisha mlangoni usiku. Alijua pembe iliko, akaenda mwenyewe.

Akina mama wa Nyeri walibuni kipimo chao katika miaka ya 1960, katika vikundi vilivyokuja kuitwa vya mabati. Walichanga, wakaezeka nyumba ya mmoja, kisha ya mwingine. Fedha za mzunguko huombwa. Bati lililokwisha kupigiliwa misumari halikopesheki.

Siku hizi ziko jamaa zilizounda chama cha ukoo. Kila mwenye mapato hutoa kiasi kilichokubaliwa kwa mwezi, kwa karo na ugonjwa. (Matanga huchangiwa mbali, maana kifo hakijui pembe ya shamba.) Mpwa mwenye shida hamfuati tena shangazi sokoni, huenda kwa mtunza hazina. Kazi ngumu ni ya mtunza hazina huyo, maana naye ni mjomba wa mtu, na lazima asimame na daftari lake mbele ya dada zake.