Mizani Isiyoyumbishwa na Joto: Namna Chipu Inavyotambua Upungufu wa Umeme

Makala haya yanadhamiria kueleza suala la elektroniki ambalo aghalabu husomeshwa kwa Kiingereza pekee: jinsi saketi jumuishi, yaani chipu, inavyotambua kwamba volteji inayoiendesha imeshuka kupita kiasi.

Umeme ukikatika ghafla, chipu huzima. Hatari kubwa zaidi huja umeme unapofifia. Volteji inaposhuka chini ya kiwango kinachohitajika, transista hupungua kasi, amri husomwa visivyo, na data iliyohifadhiwa huweza kuharibiwa. Kwa hivyo, chipu huwekewa kitambuzi cha kuisimamisha mapema.

Hata hivyo, ili kujua kwamba kitu kimepungua, sharti pawe na kipimo cha kukilinganisha nacho. Hapa ndipo tatizo linapochipuka. Kipimo chenyewe kimeundwa kwa silikoni, na silikoni huathiriwa na joto, mithili ya fundi wa nguo ambaye utepe wake hurefuka juani. Volteji kati ya besi na emita ya transista hupungua kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi inayoongezeka.

Ufumbuzi ulipatikana katika udhaifu uo huo. Transista mbili zikipitishiwa mikondo yenye msongamano tofauti, tofauti ya volteji zao huongezeka joto linapopanda. Tofauti hiyo ikikuzwa kwa kadiri inayofaa, kisha ikajumlishwa na volteji inayopungua, mielekeo hiyo miwili hukaribia kufutana. Jumla yake husalia karibu volti 1.2. Robert Widlar aliieleza mbinu hii nchini Marekani mwaka wa 1971. Paul Brokaw akachapisha muundo wake mashuhuri mwaka wa 1974.

Baada ya hapo, rezista hugawanya volteji ya chanzo, na kilinganishi huipima sehemu hiyo dhidi ya kipimo thabiti. Ikipungua, chipu husimamishwa. Haiachiliwi mpaka volteji ipande kidogo kupita kiwango kile, isije ikawa inazimika na kuwaka mfululizo. Katika chipu ya ATmega328P, mtumiaji huchagua kiwango cha volti 1.8, 2.7 au 4.3.

Msomaji ataona kwamba 'kilinganishi' na 'kitambuzi' ni zao la vitenzi vyetu vya kila siku. Dhana ikieleweka barabara, istilahi haiadimiki. Basi wanaisimu na wahandisi na waketi pamoja; Kiswahili kisichozoeshwa kazi hii kitadhaniwa hakiiwezi.