Samaki Hahesabu Miguu

Mnunuzi wa kwanza wa nzi bandia ni binadamu, si samaki. Hilo nililijua tangu nikiwa kiwandani Nairobi, mmoja wa kina mama waliokaa mezani kutwa wakifunga manyoya kwenye ndoana ndogo za kusafirishwa Ulaya na Marekani kwa madazani. Msimamizi alipita na mfano mkononi, akalinganisha: mbawa zisimame sawa, mkia usipinde, kichwa king'ae. Kwa soko lile alikuwa na haki, maana mtu aliyesimama dukani huchagua kwa macho. Lakini tangu nihamie Kiganjo na kuanza kuwafungia wavuvi wa mito ya Nyeri, nimekuwa nikipunguza tu. Mbawa zimeondoka. Mkia nao, kwa nzi wengi, umeondoka. Trauti wanakula vilevile.

Tuseme kwanza huyu trauti ni nani. Ni samaki wa maji baridi, yaendayo kasi na yenye hewa nyingi. Maji yakipita nyuzijoto 20 hivi huanza kutaabika. Kusini mwa Sahara hakuwako kabisa mpaka alipoletwa na wageni. Kenya aliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, Mwingereza aliyejipatia jina kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo. Alileta trauti wa kahawia wa asili ya Loch Leven, Scotland, wakatiwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Baadaye wakaja wale wenye mstari wa waridi ubavuni, ambao kwao hasa ni magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Leo utawakuta Thego, Sagana, Burguret, Mathioya na kwenye maziwa kama Rutundu, huko juu Mlima Kenya. Hapa Kiganjo kwenyewe kuna kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vyao. Kuwavua kunahitaji leseni, na huruhusiwi kutumia nyungunyungu wala unga wa ugali: ni fimbo, mshipi na nzi bandia.

Sasa, nzi bandia anaiga nini? Vijana wanaokuja kujifunza kwangu siwapi ndoana siku ya kwanza. Nawapeleka mtoni, tunapindua mawe. Chini ya jiwe kuna buu bapa mwenye mikia mitatu myembamba. Kuna mwingine amejijengea kinyumba cha mchanga na vijiti, amekigandisha kwa utando wake mwenyewe. Kuna vijidudu vyeusi vimeng'ang'ania jiwe mahali maji yanapokimbia zaidi. Karibu wote ni weusi, wa kahawia au wa kijani kilichofifia, na karibu wote ni wadogo kuliko mtu alivyodhani. Trauti hula sehemu kubwa ya chakula chake huko chini, si juu ya maji. Anakaa ameelekea mkondo unakotoka, kitu kinapita mbele yake, ana muda mfupi mno wa kuamua. Katika muda huo anatazama ukubwa, umbo, weusi au weupe, na kama kitu kina uhai. Miguu hahesabu.

Wala hili si jipya. Karibu miaka 1,800 iliyopita Claudius Aelianus, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyovua kwenye mto Astraeus. Walizungusha sufu nyekundu kwenye ndoana, wakafunga juu yake manyoya mawili ya jogoo. Sufu na manyoya mawili, basi.

Anza na nzi mweusi. Chukua ndoana namba 10 au 12 (namba ikipanda, ndoana inapungua), uzi mweusi mwembamba, sufu nyeusi, waya mwembamba wa shaba na unyoya mmoja wa shingo ya kuku mweusi. Bana ndoana kwenye jiliwa sehemu ya mpindo, shina lake lilale sambamba na meza. Kama huna jiliwa, koleo iliyofungwa mpira kwenye mishikio itakusaidia.

Anzia uzi nyuma kidogo ya jicho la ndoana, usianzie kwenye jicho lenyewe. Nafasi hiyo ya milimita mbili ndiyo kila mwanafunzi huimaliza kwa sufu, kisha kichwa kinakosa pa kukaa na mshipi haupiti kwenye jicho. Zungusha uzi kurudi nyuma hadi mpindo unapoanzia, ufunge hapo waya na sufu kwa pamoja, kisha uurudishe uzi mbele. Sufu yenyewe ichambue kwanza: uzi wa kufumia sweta umesokotwa kwa nyuzi kadhaa, nawe unahitaji mmoja tu. Uzungushe kuelekea mbele, mwili uwe mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Halafu waya ufuate kwa kuachanishwa, mizunguko minne au mitano, ukielekea kinyume na sufu ili uibane isifumuliwe na meno ya samaki.

Unyoya ndio wenye kazi. Pima: nyuzi zake zikisimama ziuzidi kidogo uwazi wa ndoana, yaani ule umbali kutoka shina hadi ncha. Ng'oa malaika ya chini, funga kikonyo, shika upande wa pili kwa kibanio kidogo cha nguo, zungusha mara mbili. Mara mbili tu! Mkono utataka ya tatu na ya nne, kwa sababu nzi mwenye manyoya machache anaonekana kama kazi isiyokwisha. Kata. Malizia kwa kichwa kidogo cha uzi, mafundo matatu ya kukaza, na tone la rangi ya kucha isiyo na rangi. Kijino cha ndoana kibane kwa koleo kilale, ili samaki mdogo umrudishe majini bila kumchana mdomo.

Kuku unayemchagua anabadilisha nzi mzima. Manyoya ya tetea ni laini, hunywa maji na kuzama, na mkondo huyafungua na kuyafumba kana kwamba mdudu anapiga mateke. Ya jogoo ni makavu na magumu, husimama juu ya maji na kumwelesha nzi. Viwandani manyoya mengi huagizwa kutoka nje. Marekani wako jogoo wanaofugwa kwa ajili ya shingo zao hasa, wenye manyoya marefu ya kuzungushwa hadi uchoke. Wa kienyeji yake ni mafupi, lakini kwa mizunguko miwili yanatosha kabisa. Sikukuu zikifika, majirani wananiletea ngozi za shingo. Nazipaka chumvi, nazikausha kivulini, kisha naziweka kwenye kopo lenye vidonge vya nondo.

Nzi wa pili ninayemfundisha ni wa Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon kule Netheravon, Uingereza, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1958. Kwangu huyu ndiye fundi wa mafundi. Aliuacha hata uzi. Alitumia waya wa shaba kufungia, na nyuzi chache za mkia wa ndege aitwaye feza. Waya huohuo unatoa uzito wa kuzamisha na kuongeza unene wa kifua. Miguu hakuweka, kwa kuwa alikuwa amewatazama mabuu wakiogelea na kuona kwamba huikunja ubavuni. Feza huku hatunaye, natumia mkia wa bata mzinga. Waya natoa kwenye mota mbovu za umeme, ule mwembamba kama wa koili ya ndani. Nyuzi nne za mkia, ncha zake zikitokeza nyuma kidogo ziwe mkia wa buu, zilizobaki zisokotwe pamoja na waya hadi mbele, zikunjwe mara mbili juu ya kifua, zikazwe. Ukimzoea unamfunga kwa dakika chache.

Kwa wanaobisha kwamba huyu ni mwembamba mno, huwa natia maji kwenye glasi na kuwatumbukiza wawili: mmoja wangu, mmoja mnene wa dukani. Mnene anaelea amejaa hewa, halafu anazama ameganda kama kitufe. Ninaowaonyesha hivyo wengi hununua wangu.

Si wote, lakini. Yuko mteja anayetoka Nairobi karibu kila mwisho wa mvua, mzee mstaarabu sana, na kila mara hutaka Coachman: mwili wa nyuzi za tausi, manyoya ya kahawia shingoni, mbawa nyeupe zimelala mgongoni. "Mama, huyu ana sura," huniambia, akimgeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Namfungia, na mbawa nazilaza sawa kabisa, kama kiwandani. Zinanichukua muda, kwa hiyo bei yake ni mara mbili.