Je, Wajua? Ukubwa wa Mwali Si Kipimo cha Kisima cha Gesi

Kisima kirefu cha maji kikichimbwa Nsemulwa au kwingineko mjini Mpanda, pampu huwashwa kwa saa kadhaa. Mafundi hupima lita zinazotoka na kina ambacho maji yameshuka, kisha huizima na kutazama yanavyopanda tena. Kisima cha gesi asilia nacho hupimwa vivyo hivyo, ila kinachotazamwa ni presha.

Kwanza kisima hufungwa hadi presha itulie. Halafu gesi huachiwa ipite kwenye kizuizi chenye tundu dogo, itenganishwe na maji na mafuta mepesi, ipite kwenye mita, kisha ichomwe, na hapo ndipo mwali huonekana. Huko chini, karibu na mwamba wenye gesi, geji husoma presha inavyopungua. Tundu huongezwa hatua kwa hatua. Mwishowe kisima hufungwa tena: presha ikirudi upesi, mwamba unapitisha gesi vizuri, ikijikongoja, njia zake ni finyu.

Zamani, Marekani walikuwa wakikiachia kisima wazi kabisa ili wajue kinatoa kiasi gani. Gesi ilipotea bure, na mchanga na maji viliharibu visima. Katikati ya miaka ya 1930, wahandisi Rawlins na Schellhardt walionyesha kwamba vipimo vya hatua chache vinatosha kukokotoa uwezo wa juu kabisa wa kisima, bila kukifungua chote.

Hapa kwetu gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Mwaka 2017 kisima cha Ntorya-2, mkoani Mtwara, kilijaribiwa kikatoa takriban futi za ujazo milioni 17 kwa siku, kupitia tundu la 40/64 ya inchi, yaani zaidi kidogo ya nusu inchi!

Hata hivyo, wingi peke yake haumalizi habari. Visima viwili vyaweza kutoa kiasi kilekile, kimoja presha ikapungua kidogo tu, kingine ikaporomoka. Cha kutegemewa ni kile cha kwanza. Basi ukisikia redioni kisima kipya kimetoa mamilioni ya futi, uliza mambo matatu: tundu lilikuwa la ukubwa gani, presha ilishuka kiasi gani, na jaribio lilichukua muda gani.